Kwa nini mjomba wa vituko anachosha baada ya nusu saa?

"Mwalimu, shikamoo. Nimeandika muswada wa filamu ya vichekesho ya kutazamwa na familia nzima, kurasa 98. Mhusika mkuu ni fundi saa mstaafu, mtu wa vituko, anaitwa Mjomba tu. Siku anayofunga karakana yake anakuta saa kubwa ya kusimama ambayo mteja aliileta miaka thelathini iliyopita na hakuirudia. Anaamua kumpelekea. Ananunua gari la wagonjwa lililokwisha kustaafu, ambalo king'ora chake hulia chenyewe, anaipakia saa, na bila kujua anaondoka na mpwa wake wa miaka kumi aliyekuwa amelala nyuma. Njiani yanatokea mengi: wanaingia kwenye mashindano ya mapishi, Mjomba anadhaniwa ni daktari, wanavamia harusi, anacheza dansi na mbuni, wanapotea porini. Watu niliowapa wasome wanacheka sana kurasa ishirini za mwanzo. Wakifika ya arobaini wananiambia Mjomba anachosha, na mmoja alisema anamkera. Mtayarishaji anayetaka kuichukua kazi hii anasema dawa ni Mjomba ajifunze kitu mwishoni: aache vituko, awe mtu wa kawaida, mpwa wake ajivunie. Moyo wangu unakataa lakini sina hoja. Pia nina hofu kwamba namcheka mtu ambaye pengine ana tatizo la akili. Nifanyeje: nimbadilishe Mjomba, nipunguze vituko, au niongeze vingine vikali zaidi?"

Marahaba, ndugu mwandishi. Kurasa ishirini za kuchekesha mfululizo si mchezo, wengi wanaoandika vichekesho hawazipati, kwa hiyo kipaji chako hatukijadili hapa. Wasomaji wako wanachoka, mtayarishaji anataka Mjomba anyooshwe, na wewe mwenyewe una wasiwasi kwamba unamdhihaki mtu. Nimeyatazama hayo matatu na naona yanatoka tundu moja. Katika kurasa za mwanzo Mjomba ana jambo analoliamini. Akishaingia barabarani, jambo hilo linabaki karakana.

Dhana iliyoenea ni kwamba mtu wa vituko ni mtu anayeweza kufanya lolote wakati wowote. Ndiyo maana waandishi huona kazi yao ni kubuni tu: leo acheze na mbuni, kesho avae sufuria kichwani. Ukiwachunguza watu wa vituko waliodumu kwenye filamu za aina hii utakuta kinyume chake. Hao ndio wenye msimamo mkali kuliko wote waliomo katika hadithi. Wana sheria yao, hawaipindishi, na dunia iliyobaki inaishi kwa sheria nyingine. Sheria hizo mbili zikigongana, hapo ndipo kituko kinapozaliwa. Na barabara inafaa sana kwa watu hao kwa sababu kila baada ya kilomita kadhaa inawaletea wageni wapya wasioijua sheria yao.

Chukua filamu ya Mr. Bean's Holiday ya mwaka 2007. Bean ameshinda safari ya kwenda Cannes kwenye bahati nasibu, amefika Paris, teksi imempeleka siko, na anatakiwa awe kituo cha treni cha Gare de Lyon. Anashika dira, anaanza kutembea. Hakunji kona. Kilicho mbele yake anakipita juu au katikati, iwe barabara yenye magari au meza za watu wanaokula. Sasa jiulize kicheko kinatoka wapi. Kutembea si kichekesho, na dira si kichekesho. Tunacheka kwa sababu baada ya hatua kumi tumeshaielewa sheria, na tukiona meza inakuja tunajua kabla yake kwamba hataizunguka. Kitakachotushangaza ni namna tu. Watoto hasa wanalipenda hili, maana mtoto hufurahi kujua jambo sekunde mbili kabla ya mtu mzima aliye kwenye skrini.

Kicheko cha namna hiyo hakiishi upesi. Kicheko cha mshangao mtupu kinaisha. Mara ya kwanza mtu anapofanya jambo lisilo na sababu, tunashtuka na kucheka. Mara ya tano tumeshajua kwamba lolote linaweza kutokea, na pale ambapo lolote linaweza kutokea hakuna cha kusubiri. Kwa desturi ya kazi yetu ukurasa mmoja wa muswada unahesabiwa kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo wasomaji wako walivumilia mshangao kwa muda wa kutosha kabisa. Hawakuchoka na Mjomba. Walichoka kukaa bila kutarajia chochote.

Nimeisoma tena orodha yako ya matukio ya njiani nikiitafuta saa ya yule mteja. Mapishi, daktari, harusi, mbuni, pori. Saa haimo hata mahali pamoja! Mtu ametoka nyumbani kwa ajili ya saa, amenunua gari kwa ajili ya saa, halafu saa imelala nyuma ya gari kama godoro. Sisemi uiingize kwa nguvu kila mahali. Nasema kila sini, yaani kila onyesho la filamu, itokee kwa sababu ya saa, au imgharimu saa, au imlazimishe Mjomba kuchagua kati ya saa na kitu kingine. Katika Pee-wee's Big Adventure, filamu ndefu ya kwanza ya mwongozaji Tim Burton iliyotoka 1985, jamaa mmoja mwenye tabia za kitoto ameibiwa baiskeli. Mpiga ramli anamwambia baiskeli iko kwenye chumba cha chini ya ardhi cha Alamo, ile ngome ya kihistoria ya San Antonio, Texas. Anakwenda hadi huko, anazungushwa na mtembeza watalii, na anakuja kugundua kwamba Alamo haina chumba cha chini ya ardhi. Safari nzima imejengwa juu ya upuuzi, na njiani kuna vioja kuliko vyako, lakini hakuna dakika ambayo mtazamaji hajui jamaa anataka nini. Anataka baiskeli yake. Hilo tu.

Kwa hiyo kabla hujagusa sini hata moja, andika sheria ya Mjomba kwa sentensi moja. Mimi nikitazama ulichonieleza naisoma hivi: kazi ya mtu lazima irudi kwa mwenyewe, ikiwa nzima, na ikisoma wakati sahihi. Pengine wewe unaijua vizuri zaidi. Ukishaiandika, ichukue uipitishe kwenye matukio yale yale uliyokwisha kuyabuni uone yanavyobadilika. Pale kwenye mashindano ya mapishi, kwa nini Mjomba yupo? Kwa sababu saa ya ukutani ya ukumbini inachelewa, ameiona akipita dirishani, na hawezi kuendelea na safari ikiwa hivyo. Anapanda kiti kuitengeneza huku washindani wakipima mikate yao kwa saa hiyo hiyo. Akiisogeza mbele, wengine wanatoa mikate mibichi. Akiirudisha nyuma, mingine inaungua. Yeye hana habari, kazi yake imeenda vizuri, anashuka na kusalimia. Tukio ni lile lile, ila sasa linatoka tumboni mwake.

Na pale anapodhaniwa ni daktari hasa ndipo pa kukaa. Una gari la wagonjwa na una mtu asiyesema uongo. Wamuulize kama yeye ni mtaalamu, ajibu kwamba ana miaka arobaini kazini. Wamuulize kama anashughulikia moyo, ajibu kwamba anashughulikia chochote kinachodunda. Aweke sikio kifuani kwa mgonjwa, atoe saa ya mfukoni, asikilize, atingishe kichwa kwa masikitiko, kisha aseme kwamba huyu anakimbia dakika mbili mbele. Hajadanganya hata neno moja. Waliomzunguka ndio waliojidanganya.

Nimeisisitiza hiyo ya kutokudanganya kwa sababu ndiyo inayojibu neno lililokuumiza, kwamba Mjomba anakera. Sote tumekua na hadithi za Abunuwasi, na wengi wetu tukiandika mtu wa vituko mkono unatuvuta huko bila kujua. Lakini Abunuwasi ni mjanja. Anajua anachofanya, na raha yetu ni kumwona akimzidi sultani akili. Mjomba si wa ukoo huo. Yeye hana hila, anashika njia yake kwa moyo mweupe. Ukimfanya mjanja katika sini moja na mtu asiyejua lolote katika sini inayofuata, mtazamaji hapati pa kumshika. Mbaya zaidi, akianza kuhisi kwamba Mjomba anajua kuwa anawasumbua watu na bado anaendelea, huruma inakwisha pale pale. Nakushauri upekue kurasa za thelathini hadi arobaini ukitafuta mahali ambapo Mjomba anatabasamu baada ya kuharibu jambo. Ukipaona, umepata chanzo cha karaha.

Tazama pia ni nani anayelipa gharama. Bwana mwenye majivuno akimwagikiwa supu, ukumbi wote unacheka. Mhudumu mnyonge akifukuzwa kazi kwa sababu ya Mjomba, watoto watamwonea huruma mhudumu, na hawatasahau. Hili halimaanishi kwamba Mjomba asimdhuru mtu. Bean katika filamu ile ile anafanya jambo kubwa sana: anamwomba baba mmoja amchukue picha akipanda treni, anataka irudiwe, mpaka milango inafungwa, baba anabaki nje na mtoto wake yuko ndani peke yake. Ni kosa la kutisha ukilitazama kwa macho ya mzazi. Inavumilika kwa sababu filamu inamtoza. Tangu hapo Bean amefungwa na yule mtoto, safari yake ya starehe imegeuka kuwa safari ya kumrudisha mwana kwa baba, na hana namna ya kulikwepa. Mjomba wako naye ameondoka na mtoto wa watu bila kujua. Nyumbani kuna mama anayemtafuta. Barua yako imelipita hili kama jambo la kawaida, wakati mtazamaji mzazi hatatulia kitini mpaka ajue kwamba mama ameambiwa. Mama apigiwe simu kwenye ukurasa wa ishirini na tano, hata kama mawasiliano yenyewe yatakuwa ya kuchekesha.

Hapo ndipo naweza kuingia kwa mtayarishaji wako. Usimwone adui. Yuko sahihi kwamba kuna kitu lazima kiwe kimebadilika filamu ikiisha, kwa sababu safari ambayo wote wanarudi kama walivyoondoka huacha watu wakiuliza kwa nini tulikwenda. Alipokosea ni nani wa kubadilika. Ukimfanya Mjomba aache vituko, umewaambia watoto waliompenda kwa saa moja na nusu kwamba walikuwa wanapenda ugonjwa, na sasa umepona. Sijui mtoto anayefurahia hilo.

Kuna njia tatu, na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni kutobadilisha chochote. Mwongozaji Mfaransa Jacques Tati aliifanya katika filamu ya Trafic mwaka 1971: Monsieur Hulot, mtu wake wa vituko, na wenzake wanasafirisha gari la kupigia kambi kutoka Paris kwenda kwenye maonyesho ya magari Amsterdam, wanacheleweshwa njia nzima, na wanafika maonyesho yamekwisha. Ni filamu nzuri na baridi kidogo. Watu wazima wanaotulia wataipenda, mtoto wa miaka saba atauliza maji ya kunywa. Kwa filamu ya familia siishauri.

Ya pili ni kumwacha mhusika na tabia yake ile ile, ila maana ya tabia hiyo igeuke machoni petu. Hii ni ngumu zaidi na ndiyo ninayoipenda. Mwaka 1994 mzee mmoja wa miaka 73, Alvin Straight, aliendesha mashine ya kukatia nyasi kutoka Laurens, Iowa, hadi karibu na Mount Zion, Wisconsin, umbali wa takriban kilomita 390, kwenda kumwona kaka yake aliyepata kiharusi. Hakuwa na leseni ya gari na hakutaka kuendeshwa na mtu. Mwaka 1999 mwongozaji David Lynch alitoa filamu juu ya safari hiyo, The Straight Story, na Richard Farnsworth akamwigiza mzee. Katika filamu ndugu hao hawajasemezana kwa miaka kumi kwa sababu ya kiburi. Angalia hesabu yake ilivyo safi: ubishi uliowatenganisha ndio ubishi unaomfikisha. Mashine ya kwanza inaharibika mapema, anarudishwa nyumbani kwa aibu, ananunua nyingine na kuanza tena. Mzee hajifunzi kuwa mtu mwingine. Sisi ndio tunaojifunza kumtazama.

Ya tatu ni kumbadilisha mwenzake. Mtu wa vituko asiyebadilika anahitaji pembeni yake mtu anayeweza kubadilika, na huyo unaye tayari, amelala nyuma ya gari. Lakini katika barua nzima hukuniambia mpwa anataka nini. Kama anacheka na Mjomba tangu mwanzo, humo ndani mna wahusika wawili wanaofanya kazi moja. Nadhani mtoto wa miaka kumi ndiye mtu anayeona aibu kuliko mtu yeyote duniani. Umri huo unataka kufanana na wengine kwa kila hali. Mpe aibu hiyo. Kila Mjomba anaposhuka garini, mpwa atamani ardhi ipasuke.

Changanya ya pili na ya tatu utapata hoja ya kumpelekea mtayarishaji. Mwambie Mjomba hataacha vituko, ila mara moja tu, kwa hiari yake, atavunja sheria yake kwa ajili ya mtoto. Labda saa iko karibu kufika, na kumhudumia mpwa kutamaanisha saa isimame au ifike ikiwa imevunjika. Anachagua mtoto. Kesho yake anarudi kwenye sheria yake kama kawaida, na mpwa, ambaye sasa anajua sheria hiyo ilikuwa na thamani gani kwa mjomba wake, haoni aibu tena. Mtayarishaji atapata badiliko analolitaka, wewe utabaki na mtu wako.

King'ora kitumie kwa kazi hiyo hiyo. Filamu ya Little Miss Sunshine ya mwaka 2006 si ya watoto wadogo, lakini uitazame kwa ajili ya gari lake. Klachi inakufa, na tangu hapo familia haiwezi kuondoka mahali popote bila kulisukuma gari wote pamoja na kudandia ndani mmoja mmoja likiwa linakwenda. Utani ni mmoja na unarudi mara kadhaa, ila kila ukirudi unatuonyesha familia iko wapi. Mwanzo ni ugomvi na vurugu, baadaye wanadandia kama watu waliozaliwa kwa kazi hiyo. Hakuna anayetoa hotuba kwamba tumekuwa wamoja. King'ora chako kwa sasa kinalia tu. Kipe ngazi: mara ya kwanza kinalia na mpwa anajificha chini ya kiti. Mara ya pili kinawafungulia foleni na mpwa anaona haya kwa kupita mbele ya watu bila haki. Mara ya tatu kinawaletea mgonjwa wa kweli. Utashawishika kukifanya kigome siku kinapohitajika, na kila aliye ukumbini atakuwa ameshaliona likija. Afadhali mara ya mwisho mpwa akiwashe kwa mkono wake mwenyewe, wakiwa mbele ya watu, ameketi kiti cha mbele.

Kuhusu hofu yako ya kumcheka mgonjwa: ni hofu ya mtu mwenye heshima, lakini dawa yake si kumpa Mjomba jina la ugonjwa wala kumtolea maelezo. Mtu kuwa wa aina yake si maradhi. Dhihaka inaingia pale tunapocheka mwili wake, matamshi yake au kutokuelewa kwake, huku watu wote waliomzunguka wakiwa timamu na sahihi. Waangalie hao wengine. Kama mkuu wa harusi, majaji wa mapishi na askari wa barabarani wote ni watu wenye busara, basi Mjomba ni kichekesho peke yake na mizani imelala. Wape nao vichaa vyao vidogo, vile ambavyo jamii imevizoea na haivioni. Halafu mpe Mjomba ufundi. Tenga sini moja, dakika tatu bila utani wowote, tumwone akifungua saa na kuirudishia uhai kwa vidole visivyotetemeka. Mtu tuliyemwona akiwa bingwa wa kitu hatumwonei huruma ya kumdharau. Kwenye filamu hii sini hiyo itafanya kazi kubwa kuliko maneno yoyote ya kumtetea.

Kama hata hivyo nia yako tangu mwanzo ni kuandika mtu mwenye usonji au hali nyingine inayojulikana, hiyo ni kazi nyingine na haifanyiki kwa barua. Kaa na watu wanaoishi na hali hiyo na familia zao, wasikie muswada ukisomwa kabla hujatafuta waigizaji, na uwe tayari kufuta unachokipenda.

Uliuliza upunguze au uongeze. Punguza idadi, ongeza urefu. Kituko kimoja cha kurasa saba kinachopanda hatua kwa hatua kinazidi vinne vya kurasa mbili mbili, maana kicheko kikubwa huhitaji muda wa kuandaliwa. Harusi na kupotea porini unaweza kuviunganisha, au uache kimoja. Mbuni sioni sheria yoyote ya Mjomba inayomhusu, kwa hiyo mwondoe. Na ikiwa unampenda kiasi kwamba huwezi, basi mbuni aimeze saa ya mfukoni ya Mjomba, na Mjomba akatae kata kata kuondoka mpaka irudi, na usiku mzima mpwa alale akisikia tiki tiki ikitembea gizani. Dansi haina kazi.

Jambo lingine ambalo hukulisema: yule mteja hakuirudia saa kwa nini? Filamu yako yote inaelekea kwenye mlango wake na sijasikia neno juu yake. Kama amekufa, unaangukia kwenye majonzi ambayo kurasa zilizotangulia hazikuyaandaa. Kama alisahau tu, tumesafiri bure. Mimi ningejaribu kwamba hakuwahi kuipenda ile saa, ilimnyima usingizi, akaileta karakana ili aachane nayo, na miaka thelathini amekuwa akiishi kwa amani. Sasa Mjomba yuko mlangoni, saa imetengenezwa, inagonga kwa sauti kuliko zamani. Atasema nini mtu huyo? Ukipata jibu lake utakuwa umepata kurasa kumi za mwisho, na unaweza kulipata tofauti kabisa na langu.

Lipo la kukutetea pia. Vichekesho vya mwili husomeka vibaya kwenye karatasi. Bean anaipita filamu nzima kwa maneno machache sana, na aya inayoeleza mtu akihangaika na chakula asichokijua haichekeshi kama uso wa Rowan Atkinson anayemwigiza. Huenda sehemu ya uchovu wa wasomaji wako ni aya ndefu za matendo. Zikate, tendo moja mstari mmoja, jicho lishuke haraka.

Baada ya hapo acha kuwapa watu wasome peke yao. Tafuta waigizaji wasome muswada kwa sauti wakiwa mezani, mmoja asome maelezo ya matendo, nawe kaa kimya pembeni. Siku nyingine fanya hivyo mbele ya watoto. Usiwaulize kama wameipenda, watakujibu kwa adabu. Weka alama kwenye ukurasa ambao wanaanza kujigeuza vitini na kuchokoana, hapo ndipo pa kurudia kuandika.

Mambo mengine usiyamalize kwa ushauri wa maandishi kabisa. Mtoto ndani ya gari linalokwenda, mzigo mzito wa saa nyuma yake, na king'ora kinacholia kwenye barabara yenye watu ni mambo ya hatari na ya kisheria. Kabla ya kuandika rasimu inayofuata, ongea ana kwa ana na msimamizi wa matukio ya hatari ili ujue kipi kitapigwa kwenye barabara iliyofungwa, kipi gari likiwa limesimama, na kipi hakiwezekani kwa mtoto hata kidogo. Kutumia king'ora na alama za gari la wagonjwa barabarani kunahitaji idhini ya wenye mamlaka, na watoto wanaoigiza wana masharti ya saa za kazi ambayo yatagusa ratiba yako yote, hasa ukiwa na sini za usiku.

Na ule mkataba wa mtayarishaji, usiutie saini kwa sababu tu ameahidi kwa mdomo kwamba mtaelewana juu ya mwisho. Mpelekee wakili anayezijua kazi za filamu, akutazamie vifungu viwili hasa: nani ana kauli ya mwisho juu ya mabadiliko ya muswada, na kama anaruhusiwa kumwita mwandishi mwingine auandike upya bila wewe kukubali. Ukikuta anaruhusiwa, jadilianeni sasa, wakati bado anauhitaji muswada wako.